Ujira wa Ngoma na Nyundo katika Njia ya Unyanyembe

Waandishi wa tarehe ya Tabora aghalabu huanza na pembe za ndovu na kuishia na vita, wakatutajia matajiri wa Kiarabu na matembe yao, Mtemi Mirambo na ruga-ruga wake, na Mtemi Isike aliyeona heri kujilipua kwa baruti kuliko kutiwa mkononi na Wajerumani. Wala hawakukosea, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa makubwa na athari zake zimebaki. Walakini baina ya tajiri na mpagazi, na baina ya mtemi na askari wake, walikuwako watu wengine wasiomiliki pembe wala shehena ya nguo, ambao hakuna karani aliyejisumbua kuandika majina yao, na ambao riziki yao ilitoka katika mikono na pumzi zao: mfua chuma, mtia bati, msokota kamba, mfuma nguo, mpuliza baragumu na mpiga ngoma. Habari za watu hawa ndizo ninazokusudia kuzisimulia, kwa rai kwamba katika njia ile ya misafara muziki na kazi ya mikono havikuwa pambo wala mchezo wa kupoteza saa, bali vilikuwa biashara yenye bei, wateja na mashindano, na kwamba biashara hiyo ndogo iliishi hata baada ya kufa kwa ile kubwa ya pembe iliyoizaa.

Msafara ulioondoka Bagamoyo au Saadani ulipita Usagara, ukavuka Ugogo ambako watemi walidai hongo ya kupita na hongo ya maji, ukaingia katika pori lile refu la Mgunda Mkali lisilo na kijiji wala kisima cha kutegemewa, na hatimaye ukatokea Tura, Rubuga na Kigwa, ndipo ukashuka Unyanyembe, mahali ambapo wageni wa zama hizo walipaita Kazeh na sisi leo twapaita Tabora. Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni mwaka 1857, hawakufika Kazeh mpaka tarehe 7 Novemba, yaani miezi minne na zaidi ya miiba, homa na matope. Hapo Unyanyembe njia iligawanyika: moja ikaelekea kaskazini Karagwe na Buganda, nyingine magharibi Uvinza na Ujiji, na nyingine kusini kwenda Ufipa na nchi zilizo ng'ambo ya ziwa. Kwa hivyo msafara haukupita tu hapo, bali ulivunjika na kuundwa upya: wapagazi wa pwani waliachishwa na kulipwa, wapagazi wapya waliandikwa, mizigo ilifunguliwa ikafungwa tena, na tajiri alikaa wiki, pengine miezi, akingoja mvua zikatike au vita vitulie.

Mtu akitafakari jambo hili ataona mara moja kwamba kungoja huko kulikuwa soko. Kila kitu kilichotoka pwani kizima kilifika Kazeh kimeharibika, kwani bunduki zilishika kutu, sufuria zilipoteza bati, kamba zilioza, mikanda ya punda ilikatika, na nguo za wenye staha zilikuwa matambaa. Na pwani, alikokuwa fundi wa kila kitu, ilikuwa umbali wa miezi mitatu au minne. Aliyekuwa na nyundo, sindano au tanuri mahali hapo hakuhitaji kumfuata mteja, maana mteja aliletwa na njia, na kwa kuwa mteja huyo alikuwa na safari mbele yake, hakuwa na nafasi ya kubishana sana juu ya bei.

Burton, ambaye kalamu yake ilikuwa na dharau nyingi kwa watu lakini jicho lake halikupitwa na bei ya kitu, ametuachia habari ya mafundi hawa iliyo ya thamani kuliko hukumu zake zote. Asema kwamba kila msafara uliopanda kutoka pwani ulikuja na mafundi wa kutembea, wengi wao watumwa, nao walikuwa wafua chuma, watengeneza vyombo vya bati, waashi, maseremala, washoni, wafinyanzi na wasokota kamba, na kwamba walidai ujira mkubwa kupita kiasi. Bunduki ya mrao iliyovunjika iliweza kutengenezwa na hata risasi zikasubiwa. Kamba nzuri ilipatikana kwa kununua. Kuzitia bati sufuria na sahani kumi na saba kulilipwa shuka tano za merikani, ilhali jozi ya vikuku vya kupandia mnyama kwa mtindo wa Kiarabu ilitengenezwa kwa shuka moja, mbali na thamani ya chuma chenyewe, na minyororo ya wanyama kwa kadiri ya mara mbili ya hiyo. Shuka moja ilikuwa dhiraa nne za nguo, na nguo yenyewe, merikani, ilikuwa imefumwa katika viwanda vya Marekani, katika jimbo la Massachusetts, ikapakiwa merikebuni bandari ya Salem, ikapita Unguja na kubebwa mabegani mpaka Unyanyembe. Basi yule mtia bati aliyepokea dhiraa ishirini kwa kazi ya sufuria kumi na saba alikuwa akipokea malipo ambayo kila hatua ya njia ilikuwa imeyaongezea thamani. Na aliyemlaumu kwa tamaa, kama alivyolaumu Burton, alisahau kwamba bei ya bati lake, na bei ya mkaa, na hatari ya kutembea nalo, vyote vilipitia njia ile ile.

Jambo moja halina budi kusemwa waziwazi, maana tarehe isiyolisema itakuwa imepaka asali juu ya kidonda. Wengi wa mafundi hao hawakuwa wenye duka kwa maana tunayoielewa sisi, kwani walikuwa wamemilikiwa na watu, na ilikuwa desturi ya pwani kwamba mtumwa mwenye sanaa hutumwa kutafuta kazi ya ujira na kumletea bwana wake sehemu ya pato, naye akabaki na kilichobaki. Kadiri alivyokwenda mbali na pwani, ndivyo mkono wa bwana ulivyokuwa mrefu zaidi na mlegevu zaidi. Mtu aliyejua kufufua bunduki iliyokufa hakuwa mtu wa kudharauliwa katika nchi ambayo kila boma lilitaka bunduki, na ni dhahiri kwamba kwa baadhi yao ile nyundo ilikuwa njia ya kujikomboa, kidogo kidogo, shuka baada ya shuka, ijapokuwa sheria haikuwa imewapa uhuru wao.

Matajiri wa Kiarabu wenyewe waliwahitaji mno. Huko Unyanyembe walijenga matembe makubwa yenye mabaraza, milango ya kuchongwa na bustani, wakapanda miembe ambayo jamaa zake bado zinaupa mji kivuli. Na mtu kama Snay bin Amir, mwenyeji wa Burton, au Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kufika pande zile, au Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, aliyekaa Ituru karibu na Tabora na kumwoa Karunde binti wa Mtemi Fundikira, hakuweza kuishi maisha ya fahari namna hiyo bila seremala wa kumwekea mlango, mshoni wa kumshonea kanzu na mfinyanzi wa kumpa mitungi.

Lakini isidhaniwe kwamba sanaa ililetwa na watu wa pwani katika nchi isiyokuwa nayo. Wanyamwezi walikuwa wakifuma nguo zao za pamba kwa vitanda vya mfumi kabla merikani haijawafikia, nguo nzito zilizodumu kuliko za kigeni, na wasafiri waliziona zikifumwa vijijini. Ila nguo ya kigeni ilikuwa nyepesi, na, zaidi ya yote, ilikuwa fedha, na fundi hawezi kushindana na kitu ambacho ni bidhaa na ni sarafu kwa wakati mmoja. Wafumaji wakapungua. Wafua chuma hawakupungua upesi hivyo. Kutoka kaskazini, kwa Wasumbwa na Warongo waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma, yalishuka majembe kwa maelfu mpaka soko la Tabora, na jembe lilikuwa na bahati ile ile ya merikani, kwa kuwa lililimia shamba, liliolea mke, na lililipia chakula njiani. Misafara iliyorudi pwani ilinunua majembe Unyamwezi ambako yalikuwa rahisi, ikaenda kuyatoa Ugogo ambako chuma kilikuwa haba. Kadhalika chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kutoka katika chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, ilifungwa katika vifurushi na kuzunguka nchi yote ya magharibi. Waya za shaba, masango, ziliingia kutoka pwani katika mafungu mazito, na mikononi mwa mafundi wa bara zikavutwa upya mpaka zikawa nyembamba, zikasokotwa kuwa vikuku na mapambo ya miguu, kiasi kwamba shaba ile ile iliyobebwa na mpagazi wa leo ilirudi mwakani ikilia katika mguu wa mchumba wake.

Na sasa nifike kwenye sauti, ambayo ndiyo iliyonivuta kuandika habari hizi. Msafara wa zamani haukuwa kundi la watu waliojikokota kimya kimya. Mbele kabisa alikwenda kirongozi, amevaa kitambaa chekundu, amejipamba kwa ngozi ya mbega na manyoya kichwani. Bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, iliyokwisha kuraruliwa na miiba, ilipepea karibu naye. Na nyuma ya bendera alikwenda mpagazi mmoja mwenye heshima ya pekee, naye alikuwa mpiga ngoma, ngoma iliyobanwa kiunoni na kupanuka ncha zote mbili. Baada yake walikuja wabeba pembe, ambao katika wapagazi walijiona wateule, kila mmoja na pembe yake begani, na katika ncha ya pembe ilining'inia kengele nzito ya ng'ombe iliyotangaza kuja kwake kabla hajaonekana. Nyuma yao walifuata wenye nguo na shanga, kisha wenye mafungu ya masango, kisha wadhaifu, wanawake na watoto na sufuria. Msafara ulipokaribia kijiji, baragumu la pembe ya tandala lilipulizwa, ngoma ikapigwa kwa nguvu, na bunduki zikalia.

Haya yote, mtu wa leo akiyasoma, huyaona kuwa shangwe tu. Mimi naona ndani yake hesabu. Mizigo ilikuwa mizito, na pembe kubwa peke yake yaweza kuwa frasila mbili, nayo ni ratili sabini. Na mtu hubeba mzigo kama huo siku nyingi pale tu miguu yake inapokwenda pamoja na miguu ya wenzake. Wimbo uliifunga miguu hiyo pamoja. Kengele ilimwambia aliye nyuma kwamba njia haijapotea katika majani marefu kuliko mtu. Baragumu liliwaita waliochelewa, liliwatisha wavamizi, liliwatangazia wanawake wa kijijini kwamba wanunuzi wanakuja, watoe mtama, asali, kuku na pombe. Kirongozi asiyejua kuimba, au asiyekuwa na mtu wa kumpigia ngoma vizuri, alikuwa na msafara mvivu, na msafara mvivu ulikuwa hasara iliyopimika kwa posho, kwa kuwa kila siku iliyopotea ilikula vibaba kadiri ya idadi ya matumbo. Ndiyo sababu yule mpiga ngoma alikuwa na cheo. Hakupewa kwa hisani.

Jioni kambini mambo yalibadilika, na hapo ndipo mwenye sanaa alipokuwa mtu wa biashara yake mwenyewe. Zeze, ala ya waya moja au mbili yenye kibuyu cha kukuza sauti, ilikuwa ala ya mtu mmoja, nyepesi, haikumzuia mpagazi kubeba mzigo wake. Nayo ndono, upinde wenye kibuyu, vivyo hivyo. Mwimbaji wa zeze alisifu walio na kitu na kuwadhihaki wabahili, na kila aliyesifiwa mbele ya watu alijua wajibu wake. Shanga, ukaya wa nguo, kibuyu cha pombe, tumbaku: hayo ndiyo yaliyokuwa malipo, na mtu asije akayadharau, kwani shanga zilikuwa fedha ndogo ya njia kama merikani ilivyokuwa fedha kubwa, na shanga nyingi za namna hiyo zilikuwa zimetoka Venice.

Palikuwa na mahali njiani ambapo pato la namna hii lilikuwa karibu kuwa sababu ya mji wenyewe kuwapo. Msene, bandari ya magharibi ya Unyamwezi ambayo watu wa mrima waliipenda kuliko Kazeh, ilijulikana kwa ngoma zake na starehe zake, hata wasafiri wakalalamika kwamba wakiingia Msene hawawezi kuwashika watumishi wao nyumbani. Lalamiko la tajiri ni ushuhuda wa pato la mtu mdogo. Ikiwa mtumishi hashikiki, basi kuna mtu aliyemtoa nje, naye ni mpiga ngoma. Na kando ya mpiga ngoma kuna mwanamke aliyepika pombe ya mtama tangu juzi, na kando yake muuza nyama, na muuza tumbaku, na mfinyanzi ambaye mitungi yake ndiyo iliyobeba hiyo pombe. Ngoma moja iliwasha majiko mengi. Nao wanawake, ambao waandishi wa safari wamewataja kwa haraka na mara nyingi kwa kejeli, walikuwa wenye mtaji katika biashara hii: mtama wao, kuni zao na vyombo vyao vilitangulia kabla ngoma haijapigwa, na hasara ya usiku usio na wateja iliwaangukia wao.

Fauka ya ngoma za njiani, Unyamwezi ilikuwa na vyama vya siri na vya ufundi ambavyo ndani yake muziki ulikuwa elimu ya kununuliwa. Wayeye walikuwa wanyamazisha nyoka na waganga wa sumu. Waswezi walikuwa na ibada ya mizimu na ngoma zao maalumu. Wayege walikuwa wawindaji wa ndovu. Aliyetaka kuingia alitoa ada, akafundishwa dawa pamoja na nyimbo, na alipokwisha kuhitimu aliweza kuitwa na kulipwa. Mwenye kutazama sana ataona kwamba hata ile biashara kubwa ya pembe ilianzia katika chama ambacho wimbo ulikuwa sehemu ya zana, sawa na mkuki.

Na nani aliyezitengeneza ala hizo? Nchi ya miombo ilikuwa na miti ya kutosha, na wachongaji wa Unyamwezi walikuwa hodari. Wachonga sanamu waliotengeneza viti vya enzi vyenye mgongo mrefu, ambavyo kimoja katika vile maarufu kimo katika makumbusho ya Berlin, walijua pia kuchonga shingo ya zeze ikawa na kichwa cha mtu. Mchongaji wa ngoma alihitaji shina la kufaa, ngozi, na subira ya kukausha. Mzinga wa nyuki na mzinga wa ngoma vilitoka katika maarifa ya namna moja, ya mtu ajuaye mti gani hupasuka na upi haupasuki. Asali na nta za Sikonge na pande za jirani zilikuwa sifa ya nchi, na mtengeneza mizinga hakukosa kazi hata msafara ulipokosa kuja.

Vita vilikuja, navyo nitavipita upesi. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliwafungia Waarabu wa Unyanyembe njia ya Ujiji, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajikuta ndani ya vita hivyo kabla hajatoroka kwa njia ya kusini. Mwaka uliofuata Livingstone mwenyewe alikaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara akingoja wapagazi kutoka pwani. Mirambo alifariki mwaka 1884; Wajerumani wakamshambulia Isike, na Januari mwaka 1893 boma lake likaanguka. Katika miaka hiyo yote mfua chuma alikuwa na kazi kuliko wakati wa amani, jambo ambalo si la kumfurahisha mtu, lakini ndivyo lilivyokuwa. Sauti ya njia nayo haikunyamaza: misafara ya Wajerumani ilitumia kirongozi yule yule, na nyimbo zile zile zikaongezewa maneno mapya juu ya bwana mpya.

Kilichoinyamazisha ni reli. Ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukibebwa na mabega mia kwa miezi mitatu sasa ulikuwa katika behewa moja kwa siku chache, na behewa halihitaji mtu wa kuliimbia ili lisichoke. Kirongozi, mpuliza baragumu na mpiga ngoma wa mbele ya bendera walipoteza kazi kwa pamoja, bila mtu kuwafukuza. Waliokuwa na sanaa isiyofungwa na mguu wa mpagazi walisalimika. Mtia bati alihamia karibu na stesheni, na mshoni vivyo hivyo, na sasa alikuwa na cherehani barazani mwa duka la Mhindi, akilipwa kwa kila nguo, naye mwenye duka akiuza kitambaa; ushirika huo wa mtu mwenye jora na mtu mwenye cherehani, kila mmoja akimhitaji mwenzake na kila mmoja akishuku hesabu za mwenzake, ndio uliovalisha miji yetu yote kwa muda wa miaka hamsini na zaidi.

Reli ilileta karakana pia, na katika karakana hiyo ufundi wa Tabora ulipata siku yake ya ajabu kuliko zote. Vita Vikuu vilipokata njia ya bahari, serikali ya Kijerumani iliyohamia Tabora ilikosa fedha za kulipia askari na wapagazi, na mwaka 1916 katika karakana ya reli huko Lulanguru, nje kidogo ya mji, zikapigwa sarafu: heleri za shaba nyeupe na nyekundu zilizotokana na maganda ya risasi na mabaki ya shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu yake ikiwa imechimbwa Sekenke, mbele ndovu aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Wanaoandika habari za sarafu husema kwamba vyuma vya kupigia chapa vilichongwa na mfua dhahabu wa asili ya Ceylon. Za dhahabu zilipigwa zaidi ya sarafu elfu kumi na sita. Mwezi Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji liliingia mjini, na sarafu zikawa mali ya waliobahatika kuzificha. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzigombania mnadani, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kulitaja jina la mkono uliomchora yule ndovu.

Baada ya vita ile nidhamu ya msafara, iliyokuwa imepoteza barabara yake, ilipata uwanja mwingine. Beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ilienea Tanganyika pamoja na askari na wapagazi wa vita, ikaingia Tabora kwa makundi mawili yaliyoshindana, Marini waliojihesabu kuwa watu wa daraja, na Arinoti walio wengi zaidi miongoni mwa watu wa kazi. Walipanga mistari kama jeshi, walipeana vyeo, walivaa sare, walikuwa na bendera. Serikali iliwatazama kwa mashaka, ikidhani ni siasa. Mshoni aliwatazama kwa furaha. Kila cheo kilihitaji mshipi, kofia na alama begani, na kila shindano lililowashinda wapinzani mwaka huu liliwalazimisha wapinzani kushona upya mwakani. Wanachama walitoa michango, na michango ilitumika pia kuzika maiti, kuwasaidia wageni na kuwalisha waliokosa kazi, hata yawezekana kusema kwamba kwa mfanyakazi wa reli aliye mbali na kwao beni ilikuwa jamaa yake na benki yake.

Kisha ikaja santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipelekwa Bombay na wenziwe kurekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, na sahani zake zikauzwa mahali pengi palipofika Kiswahili. Mwimbaji ambaye hajawahi kukanyaga mji aliweza kuujaza mkahawa. Reli ya tawi iliyokamilika Mwanza mwaka huo huo wa 1928 iliifanya Tabora kuwa tena mahali pa kungojea, kwani abiria wa Mwanza na abiria wa Kigoma walikutana hapo wakibadilisha garimoshi. Mtu aliyekumbuka Kazeh angeitambua hali hiyo bila kuelezwa: wasafiri wenye fedha kidogo, saa nyingi mkononi, na hamu ya kusikia kitu.

Katika hali hiyo zilizaliwa bendi za dansi ambazo zimeipa Tabora jina katika muziki wa Tanzania kupita miji mingi iliyo mikubwa kuliko yenyewe. Kiko Kids, bendi ya Salim Zahoro, ilikuwa na sifa tangu miaka ya 1950. Baadaye zikasikika Nyanyembe Jazz, iliyobeba jina la nchi, na Tabora Jazz, ambayo mtindo wake ulikuwa Segere Matata, na ambamo Shem Karenga aliimba Dada Asha, wimbo ambao hata leo ukipigwa harusini wazee huacha sahani zao wakainuka. Bendi za aina hiyo, hapa na katika miji mingine, ziliendeshwa kwa kanuni iliyokuwa karibu sana na ya beni: chama chenye wanachama na ada, au tajiri mmoja aliyenunua vyombo, yaani magitaa, ngoma na vipaza sauti, na wapigaji waliotumia vyombo visivyo vyao. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na nguvu. Mpigaji alipohama aliondoka na vidole vyake tu, na kwa kuwa wapigaji walihama kila mwaka, bendi iliweza kubakiza jina lake na kupoteza watu wake wote.

Usiku wa dansi ulikuwa na hesabu yake. Kiingilio cha mlangoni kiligawanywa baina ya mwenye ukumbi, mwenye vyombo na wapigaji, wa mwisho wakipata kidogo; mwenye bia alipata faida yake bila kugawana na mtu; mpiga picha alisimama kando na taa yake; mshoni alikuwa amekwisha kulipwa tangu Ijumaa kwa suruali za wapigaji na magauni ya wachezaji. Mafundi wa redio nao, waliojifunza wenyewe kwa kufungua kilichoharibika, walikuwa ndio warithi halisi wa wale waliofufua bunduki za mrao Kazeh, kwa sababu kipaza sauti kilichoungua saa mbili usiku hakiwezi kungojea kipuri kutoka Dar es Salaam, na mwenye kukitengeneza palepale hujitajia bei.

Aliyepata kidogo kuliko wote alikuwa mtunzi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri, na bendi iliyotaka wimbo wake utoke ilipaswa kusafiri mpaka Nairobi, ikaimba kwa malipo ya mara moja, na kurudi. Ama ikarekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako wimbo ulihifadhiwa na kupigwa nchi nzima kwa miaka mingi, ukampa mwenyewe umaarufu badala ya fedha. Kipaza sauti kilitengenezwa na kulipiwa, suruali ilishonwa na kulipiwa, bia ilinywewa na kulipiwa, ila wimbo uliowakutanisha wote hao ulihesabiwa kama hewa. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kikapewa kazi ya kukusanya mirabaha na kuwafikishia wenye nyimbo. Wakati huo Segere Matata ilikuwa imekwisha kuchezwa kwa robo karne na zaidi. Shem Karenga alifariki mwaka 2014, akiwa bado anapanda jukwaani kuimba Dada Asha.